Video ya Maneno Fiche na Juisi ya Sinza: Nani Hasa Aliwashawishi Wateja?

Mgahawa wenyewe uko Sinza, Dar es Salaam, mtaa wa ndani, si mbali na Kijiweni. Una meza chache chini ya turubai na nyingine ndani. Mchana wanauza wali na ugali, jioni chipsi na mishkaki, na juisi wanauza siku nzima. Mwenye mali ni mama mmoja ambaye namsaidia kufunga mahesabu kila mwisho wa mwezi, ndiyo maana kisa hiki kilinifikia kikiwa na daftari mkononi. Visa vya namna hii kwa kawaida hutufikia vikiwa maneno matupu.

Mwishoni mwa Novemba mama alinunua tangazo la video kutoka kwa kijana anayetengeneza matangazo ya mitandaoni. Alilipa shilingi 350,000. Ukiitazama, ni video ya kutuliza macho tu: mawimbi ya Coco Beach, machweo, daraja la Kigamboni usiku, na muziki laini usio na mwimbaji. Thamani yake, alivyoeleza kijana, haikuwa kwenye hayo yanayoonekana. Kila baada ya sekunde tano yanapita maneno KUNYWA JUISI, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuyasoma. "Jicho halioni, mama, lakini akili ya ndani inanasa. Mteja atajikuta tu anaagiza."

Mama alicheka akamuuliza, "Sasa mwanangu, hii si ile dawa ya mvuto wa wateja wanayobandika kwenye nguzo za umeme?" Kijana akamhakikishia kuwa hii ni sayansi.

Kufika katikati ya Januari, juisi ilikuwa imepanda kutoka glasi 35 hivi kwa siku hadi kupita 50. Kijana akarudi na pendekezo la pili: atengeneze video ya vyakula vyote, kwa 600,000. Mama akanipigia simu. "Kaka, nilipe au nisilipe? Maana ile ya kwanza imefanya kazi, umeiona mwenyewe kwenye daftari."

Ni kweli niliiona. Mauzo yalipanda, hilo halina ubishi. Ubishi ni juu ya kilichoyapandisha.

Nilianza kwa kumuuliza kijana sayansi yake ameitoa wapi. Hakuwa tapeli, naomba hilo lieleweke mapema. Aliamini alichokiuza, na alinisimulia kwa macho yanayong'aa. Kisa chake ni kile kinachozunguka dunia nzima tangu mwaka 1957. Mtafiti wa masoko wa Marekani, James Vicary, alitangaza kuwa katika jumba la sinema la Fort Lee, jimbo la New Jersey, alirusha juu ya filamu maneno ya kuwahimiza watazamaji wale bisi na wanywe Coca-Cola, kila baada ya sekunde tano, kwa muda wa sehemu moja ya 3,000 ya sekunde. Alisema jaribio lilichukua wiki sita, watazamaji walikuwa 45,699, bisi zikapanda kwa asilimia 57.5 na Coca-Cola kwa asilimia 18.1.

Tazama hizo tarakimu zilivyo nadhifu. Mtu aliyehesabu vichwa hadi kile cha mwisho ungetegemea awe pia na ripoti, na njia aliyoitumia, na tarehe. Hakuchapisha chochote cha kuwawezesha wengine kukagua. Wanasaikolojia walipombana arudie mbele yao, matokeo hayakuonekana. Mwaka 1962 Vicary mwenyewe alikiri, akihojiwa na jarida la Advertising Age, kwamba takwimu alizokuwa nazo zilikuwa chache mno kuwa na maana yoyote, na kwamba jambo lote lilikuwa mbinu ya kuvuta watu. Biashara yake ilikuwa inayumba na ilihitaji jina.

Kijana hakuwa amesikia sehemu hiyo ya pili. Simlaumu sana. Kisa cha bisi ni kitamu, kukiri hakuna utamu, na watu hupokezana vitamu.

Nikamwambia alete video tuikague. Alikuja na kompyuta yake, tukakaa meza ya nyuma karibu na jiko. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, kuna kitufe, herufi E, ambacho ukikibonyeza video inasogea picha moja moja badala ya kukimbia. Video yake ilikuwa na picha 60 kwa kila sekunde. Tukabonyeza, tukabonyeza, mawimbi yakisogea kidogo kidogo, na kweli: ghafla picha moja ina herufi nyeupe katikati ya bahari, KUNYWA JUISI. Kubonyeza tena, zimetoweka. Picha moja kati ya 300. Kwa kasi ya kawaida inakaa kwenye kioo kama sehemu moja ya 60 ya sekunde. Ahadi aliitimiza.

Kisha nikaomba ile flashi iliyochomekwa kwenye TV ya mgahawa.

Tuliifungua kwa kompyuta ileile. Ukubwa wa faili ulikuwa mdogo mno kulinganisha na ule wa kwanza, na kasi yake ilisoma picha 30 kwa sekunde. Tukaanza kubonyeza. Dakika nzima ya mwanzo, hakuna neno. Tukaruka katikati, hakuna. Mwishoni, hakuna. Kijana akachukua kompyuta abonyeze mwenyewe, polepole zaidi, akidhani mimi naruka picha. Bahari tupu.

Ilichukua muda kuelewa kilichotokea, lakini jibu lilikuwa rahisi. Kijana alimtumia mama video kwa WhatsApp, kama video ya kawaida na si kama dokumenti. Mtoto wa mama akaitoa kwenye simu akaiweka kwenye flashi. WhatsApp huzibana video ili zisafiri haraka, na hii ilibanwa hadi nusu ya picha zake: ikabaki moja, ikatupwa moja, hadi mwisho. Kwa kuwa maneno aliyaweka kwa mpangilio ule ule, kila picha ya 300, yote yaliangukia upande wa zinazotupwa. Yaani tangu Novemba, wateja wa Sinza walitazama machweo ya Coco Beach na machweo tu.

Kijana alinyamaza kidogo. Halafu akauliza swali ambalo ndilo kiini cha kisa hiki: "Lakini kaka, mauzo si yamepanda?"

Basi tukafungua daftari. Mama ana mwandiko mzuri na tabia njema ya kuandika matumizi mkabala na mauzo, kwa hiyo mambo yalijitokeza bila kulazimishwa. La kwanza ni hali ya hewa. Wiki alizokuwa akilinganisha nazo ni za Novemba, mvua za vuli zikinyesha. Kuna siku imeandikwa "mvua kutwa" na mauzo ya juisi hayafiki glasi 20. Desemba na Januari ni jua la Dar ambalo halihitaji maelezo. Tena ni msimu wa embe. Bei ya embe iliposhuka, mama alishusha glasi kubwa kutoka 2,000 hadi 1,500, na hili hakulitaja kabisa aliponipigia simu. Si kwamba alificha. Kwake ilikuwa jambo la kawaida la kila mwaka, halikustahili kuitwa sababu.

La pili ni friji. TV ya kuonyeshea video ilipowekwa ukutani ilibidi friji ihamishwe, na ile mashine ya juisi yenye matangi ya kioo ikasogezwa kutoka nyuma ya kaunta hadi mbele, mlangoni. Zamani mteja aliambiwa kuwa kuna juisi. Sasa anaiona ikizunguka, ya njano na ya zambarau, kioo kikitoka jasho, kabla hata hajavuta kiti. Ukitaka kuwa mkarimu unaweza kusema video iliuza juisi, kwa maana kwamba ilihamisha friji.

La tatu ndilo lililonivutia zaidi, na halikuwa kwenye daftari. Niliwauliza mabinti wawili wanaohudumia kama kuna kitu walibadilisha. Hapana, walisema. Nikaketi nikasikiliza. Mteja anaingia, binti anafika na kitambaa cha kufutia meza: "Karibu. Juisi nikuletee ya embe au pasheni?" Nikamuuliza mama kama ndivyo walivyokuwa wakiuliza tangu zamani. Akafikiri. Zamani walikuwa wakiuliza "Utakunywa nini?", na nusu ya wateja hujibu "maji tu."

Siku video ilipowashwa mara ya kwanza, mama aliwaambia mabinti siri yake. Mmoja wao alinieleza bila aibu: "Nilijua tayari wanataka juisi, sasa mimi nikawa nawarahisishia."

Hapo ndipo ujumbe fiche ulipofanya kazi, kwa watu wawili walioambiwa kuwa upo.

Hili si jambo la ajabu kwa waliochunguza nyanja hii. Mwaka 1991 Anthony Greenwald na wenzake walichapisha jaribio juu ya kanda za kusikiliza zilizodaiwa kuwa na maneno fiche, nyingine za kuimarisha kumbukumbu, nyingine za kuongeza kujiamini. Baadhi ya washiriki walipewa kanda zenye lebo zilizobadilishwa: ya kumbukumbu imeandikwa kujiamini, na kinyume chake. Baada ya wiki kadhaa za kusikiliza, vipimo havikuonyesha kuwa kanda zilifanya kilichodaiwa. Washiriki wengi, hata hivyo, waliamini wameboreka, tena katika kile kilichoandikwa kwenye lebo.

Kuna na lile la Kanada, ambalo nalipenda kwa sababu limefanana sana na vijiwe vyetu. Mwaka 1958 televisheni ya taifa, CBC, ilirusha kwa siri maneno ya kuwataka watazamaji wapige simu, mara 352 ndani ya kipindi kimoja. Simu hazikuongezeka. Baadaye watazamaji wakaombwa waandike barua wakisie ujumbe ulikuwa upi. Wengi wakaandika kuwa wakati wa kipindi waliona njaa au kiu. Walikuwa wamesikia habari za bisi na Coca-Cola, na miili yao ikashuhudia kile walichokuwa wamesimuliwa.

Nilitaka hata hivyo kumtendea kijana haki. Video yake halisi haikuwahi kujaribiwa, na isingekuwa sawa kuihukumu kwa kosa la WhatsApp. Kwa hiyo Februari, jua likiwa lilelile na bei ileile, mama alikubali kompyuta iunganishwe moja kwa moja na TV. Siku nyingine ikachezwa yenye maneno, siku nyingine isiyo na maneno, na aliyejua ipi ni ipi alikuwa mtoto wa mama peke yake, ambaye hahudumii meza. Mabinti waliendelea kuuliza "embe au pasheni" siku zote.

Daftari halikuonyesha tofauti. Siku yenye maneno ilizidi, kesho yake ikapitwa, na Ijumaa ziliongoza zote kwa sababu ni Ijumaa. Halafu tukabadilisha upande wa pili: siku moja mabinti waulize "embe au pasheni", siku inayofuata warudi kwenye "Utakunywa nini?" Hapo tofauti ilionekana bila miwani, kama glasi 10 kwa siku.

Msomaji makini atasema mgahawa mmoja na siku chache haviwezi kuthibitisha kuwa maneno fiche hayana nguvu hata kidogo. Ni sawa. Tofauti ya glasi mbili au tatu ingezama ndani ya mvua moja ya jioni. Lakini kwa mfanyabiashara hoja ni nyingine. Tuseme kweli video inaleta glasi tatu za ziada kila siku. Hizo ni shilingi 4,500, na baada ya embe, sukari, barafu na umeme wa luku, tuseme inabaki nusu. Shilingi 600,000 zingerudi baada ya karibu miezi tisa, masika ikiwa imepita hapo katikati.

Wala sitaki kusema kuwa utafiti umezika kabisa jambo hili. Mwaka 2006 Johan Karremans na wenzake, Uholanzi, waliwaonyesha wanafunzi jina la kinywaji, Lipton Ice, kwa milisekunde 23 wakiwa wamekodolea macho kompyuta. Waliokuwa na kiu walielekea kuchagua kinywaji hicho kuliko wenzao ambao hawakuonyeshwa jina. Wasio na kiu, hakuna la maana. Utafiti uliofuata mwaka 2011 ukaonyesha kuwa hata hao wenye kiu, kama tayari wana kinywaji walichokizoea, jina lililofichwa haliwahamishi.

Sasa chukua masharti hayo uyalete Sinza. Mtu awe na kiu. Awe ametazama kioo kwa makini wakati uleule. Achague hapo hapo, kati ya vitu viwili ambavyo hana mazoea navyo. Wateja wa mgahawa huu wanaangalia simu, wanabishana Simba na Yanga, wamekaa migongo kwenye TV, na wengi ni wa kila siku ambao binti anajua wanachokunywa kabla hawajakaa. Na mwenye kiu aliyefika kwenye juisi, amefika. Hata hao watafiti hawakudai kwamba neno linalopita haraka linaweza kumuumbia mtu kiu ambayo hakuwa nayo.

Kinachonishangaza ni jinsi tunavyoogopa kilichofichwa na kukipuuza kilicho wazi. Mteja mmoja wa mgahawa aliposikia habari za maneno fiche alisema wazi kwamba hayo ni mambo ya Freemason na hatakula tena pale. Alikuwa anazungumza amekaa mbele ya duka lililopakwa rangi ya kampuni ya simu kuanzia msingi hadi bati, chini ya mwavuli wa kampuni ya soda, akinywa soda hiyohiyo. Robert Zajonc alionyesha tangu mwaka 1968 kuwa kitu tunachokutana nacho mara kwa mara huanza kupendeza kwa sababu tu tumekizoea, bila hoja yoyote. Hakuna haja ya kukificha. Kinapakwa ukutani na mwenye duka anafurahia rangi ya bure.

Ushahidi mwingine wa namna hii ni wa Uingereza, 1997. Adrian North na wenzake walicheza muziki wa Kifaransa kwenye sehemu ya mvinyo ya supamaketi siku moja, wa Kijerumani siku nyingine. Siku za muziki wa Kifaransa ziliuzwa chupa 40 za Ufaransa na 8 za Ujerumani. Siku za Kijerumani, chupa 22 za Ujerumani na 12 za Ufaransa. Muziki ulisikika wazi kabisa, ila wanunuzi walipoulizwa, ni wachache sana waliokubali kuwa uliwagusa. Mimi naona hapo ndipo penye nguvu halisi ya matangazo: katika kitu unachokiona au kukisikia vizuri, ila hujakihesabu kama sababu. Friji iliyosogezwa. Swali la "embe au pasheni", ambalo limeshafuta maji kwenye orodha kabla hujafungua mdomo.

Na kama nguvu iko hapo, maswali ya haki nayo yahamie hapo. Sheria ya mawasiliano ya Uingereza ya 2003 inataka matangazo ya redio na televisheni yasitumie mbinu za kupenyeza ujumbe bila mtu kutambua, na mimi naunga mkono katazo hilo hata kama mbinu yenyewe ni dhaifu, kwa sababu nia ya kumzunguka mtu inatosha kuwa kosa. Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Lakini aliyekuwa hatarini kupotoshwa katika kisa hiki hakuwa mnywa juisi. Alikuwa mama, aliyetaka kuongeza 600,000 juu ya 350,000 kwa ushahidi wa mvua na embe.

Nilimwandikia mama maoni yangu kwa ufupi: video ya pili asilipe, mashine ya juisi isirudi nyuma ya kaunta, bei ya 1,500 aiangalie upya embe zikiadimika. Kuhusu swali la mabinti tulibishana kidogo. Mimi nilitaka waongeze "au maji?" mwishoni, ili mteja asibanwe. Mama alisema mteja wa Sinza habanwi na binti wa miaka ishirini, asiyetaka atasema hataki. Nadhani ana hoja, ingawa glasi zile 10 zinanifanya nisikubali moja kwa moja.

Kijana hakupewa ile kazi ya 600,000 wala hakuombwa arudishe pesa. Mama alimwambia, "Mwanangu, wewe unajua kupiga picha. Nipigie juisi yenyewe, ionekane inavyosagwa, na bei iandikwe kubwa." Alikubali kuitengeneza bila malipo mapya. Safari hii faili alilileta mwenyewe, kwa flashi.